Mauzo ya Karadha, si Uuzaji Mfupi

Binamu yangu anaishi Houston. Alinipigia simu kwake ikiwa jioni, kwangu Tanga saa saba usiku. "Kaka, nisamehe nimekuamsha. Nimesoma hapa kwamba uuzaji mfupi wa mfuko wetu wa nishati umeongezeka. Ndiyo kusema wanaufupisha? Unafungwa? Nitoe changu mapema?"

Mfuko wenyewe ni ule ujulikanao katika soko la New York kwa herufi XLE. Ulianza mwaka 1998, umekusanya hisa za kampuni za nishati za Marekani, na takriban mbili ya tano ya thamani yake ni kampuni mbili tu, Exxon Mobil na Chevron. Humo binamu yangu ameweka sehemu ya akiba yake ya uzeeni. Habari ile hakuisoma kwa Kiingereza. Aliisoma katika kijarida cha Kiswahili, kilichotafsiriwa kwa nia njema ya kumsaidia mtu kama yeye. Mtu aliyeendesha duka miaka ishirini, anayejua hesabu kuliko mimi, ametolewa jasho na maneno mawili.

Maneno hayo nayakataa. Ufupi katika Kiswahili ni wa kimo, wa umbali au wa muda. Uuzaji hauna kimo wala umbali, kwa hiyo msomaji hukimbilia muda, akadhani ni kuuza kwa muda mfupi. Anayeuza hivi anaweza kukaa na deni lake mwaka mzima. Mfasiri alikutana na neno la Kiingereza, *short*, lenye maana nyingi, akachukua ile ya kwanza aliyofundishwa darasa la tatu. Wafanyabiashara wa Kiingereza walikusudia upungufu: muuzaji hana mali aliyoiuza, amepungukiwa nayo, na siku ya kukabidhi inamngoja.

Wapo waliolitambua hilo wakapendekeza "uuzaji pungufu". Wamesogea, lakini wameangukia shimo jingine, kwa sababu sokoni kwetu kilicho pungufu ni kipimo, na anayeuza pungufu ni mwizi wa mizani. Mwenzetu mmoja, ambaye kalamu yake naiheshimu kuliko ushauri wake, anashikilia "ulanguzi wa kushuka". Mlanguzi huficha mali akingoja bei ipande, naye huyu anataka ishuke. Tena aliyekuwa mtu mzima Tanzania mwaka 1983, wakati wa msako wa walanguzi na wahujumu uchumi, halisikii neno hilo bila kukumbuka watu wakipakiwa kwenye magari ya polisi. Mwingine ameleta "butura ya hisa", kwa kufuata mkulima wa Kagera anayeuza kahawa ingali maua mtini. Nalipenda neno butura, na linastahili makala yake. Lakini yule mkulima ana mti. Anauza cha kwake kabla ya wakati, hauzi cha jirani. Na kuna wanaosema tuandike "shoti" tuendelee na kazi. Katika mfuko wa nishati! Nani atasoma "shoti yaongezeka katika nishati" asitafute nguzo ya umeme iliyoanguka?

"Kuuza kwa mkopo" nako kumeshakaliwa: muuzaji anampa mnunuzi mali leo, fedha mwisho wa mwezi. Hapa mnunuzi analipa taslimu. Mdaiwa ni muuzaji.

Nyumbani kwa shangazi yangu, Chumbageni, kulikuwa na kikombe cha bati kilichobanduka rangi mdomoni. Jirani muuza maandazi akiishiwa sukari alfajiri alikuja na bakuli. Shangazi alichota, akasawazisha kwa mgongo wa kisu, chembe zilizozidi zikarudi koponi. Jioni jirani alirudisha kikombe kimoja, kimesawazishwa kwa kisu kilekile, ila sukari ilikuwa nyingine. Ile ya alfajiri ilikwisha kuliwa na watoto wa shule. Lakini jirani huyohuyo alipochukua jembe, shangazi alingojea jembe lile lile, lenye mpini ule ule uliopasuka, na lingeletwa jingine wangegombana.

Sasa tuseme jirani angeiuza ile sukari papo hapo kwa bei ya alfajiri, akangoja duka la jumla lifunguliwe na bei ishuke, akanunua kikombe kingine, akakirudisha na kubaki na tofauti. Hilo ndilo tendo tunalolitafutia jina, lote, bila kubakiza kitu. Bei ikipanda badala ya kushuka, analipa zaidi ya alichopata, na kupanda hakuna dari. Kukopa arusi, kulipa matanga.

Jina lipo. Mafakihi wa Kiislamu walikwisha kutenganisha jembe na sukari karne nyingi zilizopita. Kuazima jembe wakakuita *ariya*: unakitumia kitu, kinabaki cha mwenyewe, unakirudisha chenyewe. Kuchukua sukari wakakuita *qardh*, nasi tukasema karadha: unachukua kitu cha kupimwa au kuhesabiwa, kinakuwa chako, unarudisha mfano wake. Kinakuwa chako, hapo ndipo penye uzito. Anayekopa hisa New York ili aziuze huzimiliki kweli, ndiyo maana mnunuzi wake hupata hisa halali, naye mkopeshaji hupoteza kura yake katika mkutano wa kampuni hadi zirudi. Gawio likitolewa katikati, mkopaji humlipa mkopeshaji kiasi hichohicho kutoka mfukoni mwake. Neno "kuazima" halibebi haya. Karadha inayabeba bila kuongezewa kivumishi. (Azima, zaidi ya hayo, ni talasimu ya mganga. "Mauzo ya azima" yangetupeleka kwingine kabisa.)

Na tulitazame neno lenyewe kwa ndani. Mzizi wake wa Kiarabu ni wa kukata. *Miqradh* ni mkasi. Anayekukopesha amekata sehemu ya mali yake akakupa. Hisa nayo ni *hissa*, fungu lililogawiwa. Watanzania wanaonunua katika mifuko ya uwekezaji wa pamoja, tangu Mfuko wa Umoja ulipoanza mwaka 2005, hununua "vipande", neno la kwetu, safi, ambalo hakuna aliyehitaji kulitafsiri. Kipande, hissa, karadha: yote ni ya mkasi mmoja. Hata lile neno la Kiingereza lililozaa "ufupi" wataalamu wa lugha za Ulaya hulirudisha kwenye mzizi wa kale wenye maana ya kukata. Wanaotudai uaminifu kwa asili ya neno, basi, wameupata hapa kuliko katika tafsiri yao.

Niliwahi kulipeleka pendekezo hili mbele ya kamati fulani, kurasa sita, na mifano. Jibu lilikuja baada ya miezi tisa, sentensi mbili: kwamba neno ni la kidini, na kwamba wasomaji wameshazoea "uuzaji mfupi". Sentensi hizo bado zinaniuma. Riba pia ni neno la fiqhi, na kila benki imelibandika ukutani bila kuulizwa dini yake. Najua vyema kwamba karadha ya fiqhi haina faida na kwamba mkopaji wa hisa hulipa ada, ingawa kwa mfuko mkubwa kama huu, ambao vipande vyake hupatikana kwa urahisi, ada hiyo huwa ndogo. Najua pia kwamba mafakihi wengi wanayakataza mauzo haya. Istilahi inataja tendo, hailiombei baraka. Ama mazoea, tendo hili lina zaidi ya miaka 400: Isaac Le Maire na wenzake walilifanyia hisa za kampuni ya Uholanzi ya biashara ya India Mashariki mwaka 1609, na mwaka uliofuata serikali ikalipiga marufuku. Kenya ililitungia kanuni mwaka 2017. Kosa letu sisi bado changa, linarekebishika.

Binamu yangu angesoma kwamba mauzo ya karadha ya vipande vya XLE yameongezeka, angeuliza swali lililo sahihi: nani amekopa, na kwa nini? Wapo wanaobashiri kuanguka. Lakini katika mfuko wa namna hii wapo wengi wasiobashiri lolote. Mtu ana hisa za kampuni moja ya mafuta anayoiamini, anachoogopa ni bei ya mafuta yenyewe. Anauza vipande vya mfuko kwa karadha ili hasara ya huku ifidiwe na faida ya kule. Wapo mawakala wa soko wanaouza asubuhi na kurejesha kabla ya jioni, na mauzo yao yote yanaingia katika hesabu ya siku. Tena vipande vya mfuko vinaweza kutengenezwa vipya, kwa maelfu kwa mkupuo, na wakala anayeleta hisa zilizomo, kwa hiyo wakopaji hawabanwi kirahisi kama wanavyobanwa kwenye hisa za kampuni moja. Na hata Aprili 20, 2020, mkataba wa mafuta ghafi ya Marekani wa mwezi Mei ulipofunga kwa dola 37.63 chini ya sifuri, XLE haikuwa na pipa hata moja la kulipia watu walichukue. Mfuko una hisa za kampuni, si mikataba ya mapipa.

Matumizi, kwa haraka. Tendo ni "mauzo ya karadha", mtendaji ni "muuza karadha". Jumla ya vipande vilivyouzwa kwa karadha na bado havijarejeshwa, ambayo Marekani hutangazwa mara mbili kwa mwezi, ni "karadha isiyorejeshwa", na isichanganywe na mauzo ya siku. Ukiigawa kwa wastani wa vipande vinavyouzwa kwa siku unapata "siku za kurejesha": milioni 30 kwa milioni 15, siku mbili.

Usiku ule nilimweleza binamu yangu kwa kikombe cha shangazi, ambacho anakikumbuka. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Sasa mbona hawakuandika hivyo?" Asubuhi niliwaandikia wahariri wa kijarida kile mistari mitatu. Toleo jipya limefika juzi. Ukurasa wa pili, kwa herufi nzito: uuzaji mfupi.