Kufungwa kwa Dawa: Istilahi na Historia Yake

Mwaka 1987 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kurekebisha nyumba za kutunzia wazee. Ilikataza kumfunga mzee, kwa mikanda au kwa dawa, ili kumwadhibu au kumrahisishia mhudumu kazi. Pasipo dalili za ugonjwa zinazohitaji tiba hiyo, ilibaki sababu moja tu: usalama wa wakazi, tena kwa agizo la daktari la maandishi.

Sisi wafasiri tumezoea kuandika "dawa ya kutuliza". Daktari ataridhika; hakimu hataona kosa, maana dawa ileile yaweza kuwa tiba halali. Kosa limo katika kusudi. Ndiyo maana tunapendekeza "kufungwa kwa dawa", ingawa wapo watakaosikia uganga humo.