Nani Alipe Matunzo ya Mzee?

Marekani, mzee asiyeweza tena kuoga wala kuvaa peke yake, lakini hajafikia hali ya kulazwa, huhamia kwenye makazi ya wazee yenye wasaidizi. Anapewa chumba chake na ufunguo wake, anapikiwa, na yupo mtu wa kumkumbusha dawa. Gharama zake kwa mwezi huipita pensheni ya wengi. Watoto wakianza kuulizia msaada wa Serikali, wanaambiwa kwamba Medicare, bima ya afya ya wazee, hailipii makazi hayo. Daktari na hospitali vimo. Mtu wa kumwogesha mzee kila asubuhi, mwaka hadi mwaka, hayumo.

Inabaki Medicaid, mpango wa wasio na uwezo. Rais Lyndon Johnson aliitia saini mipango yote miwili siku moja, 30 Julai 1965, ila mmoja hutolewa kwa umri na wa pili kwa umaskini. Huo wa pili ndio wenye kulipia matunzo ya muda mrefu, na mzee hana budi kuuthibitisha umaskini wake kwa karatasi. Katika majimbo mengi, mtu asiye na mwenzi hatakiwi kuwa na akiba inayozidi dola 2,000. Nyumba anayoishi kwa kawaida haihesabiwi. Maafisa, hata hivyo, hukagua miaka 5 ya nyuma: fedha alizompa mjukuu, kiwanja alichomwandikia binti. Wakikuta zawadi ya namna hiyo, malipo yanaweza kucheleweshwa kwa miezi. Akishafariki, sheria ya mwaka 1993 inalitaka jimbo lidai gharama hizo kutoka kwenye mirathi yake.

Hata aliyevuka vizuizi hivyo hajafika. Medicaid inalazimika kulipia nyumba za uuguzi, kitanda na chakula pamoja. Kwenye makazi yenye wasaidizi hulipia huduma tu. Kodi ya chumba na mlo ni juu ya mzee. Tena, tangu sheria ya 1981 ilipoyaruhusu majimbo kulipia matunzo nje ya nyumba za uuguzi, yamepewa uhuru wa kuweka ukomo wa idadi ya watu, ndiyo maana kuna foleni ndefu. Mzee anayehitaji msaada mdogo anangojea, na aliyezidiwa kabisa anapokewa kwa gharama kubwa zaidi. Naona hilo ni kosa la mpangilio, na linawaumiza watu wasio na hatia.

Yapo majeraha mengine yasiyoonekana kwenye fomu. Mtu aliyejinyima miaka arobaini analazimika kuimaliza akiba yake ili asaidiwe, na mtoto aliyepokea zawadi ya mzazi anatazamwa kama mshukiwa. Familia za Afrika ya Mashariki zilizowapeleka wazazi huko zinaongezewa sharti lao: mwenye kibali cha ukazi wa kudumu kwa kawaida husubiri miaka 5 kabla ya kustahili Medicaid. Na wapo wengi kati ya watoto wa familia hizo ambao riziki yao ni kuwalisha na kuwaogesha wazee wa watu wengine.

Ujerumani na Japani zilishika njia ya bima. Ujerumani ilianza mwaka 1995: mfanyakazi anachangia, mwajiri anachangia, na mzee anapohitaji matunzo hupimwa anaweza kufanya nini na hawezi nini, kisha huwekwa katika daraja moja kati ya matano. Haulizwi ana nini benki. Japani ilifuata Aprili 2000. Mchango huanza mtu akifika miaka 40, na mtumiaji hulipa asilimia 10 ya gharama, au zaidi akiwa na kipato kikubwa. Bima hizi nazo hazitoshelezi kila kitu. Mjerumani aliyeko kwenye makazi ya wazee bado hulipa sehemu kubwa kutoka mfukoni, na asiyeweza huomba ustawi wa jamii.

Kinachotuhusu zaidi sisi ni pale mataifa haya mawili yalipotofautiana. Mjerumani huchagua: aletewe wahudumu, au apewe fedha za kumshukuru ndugu anayemtunza. Mwaka 2025 fedha hizo zilikuwa euro 347 kwa mwezi kwa daraja la pili na euro 990 kwa la tano. Mfuko wa bima pia humchangia mlezi huyo pensheni, na humlipia mbadala akihitaji kupumzika. Japani ilikataa kutoa fedha. Wanawake walipinga, wakihofu kwamba bahasha hiyo ingemfunga mkaza mwana nyumbani maisha yake yote. Hofu hiyo naielewa kabisa.

Kwetu Serikali huangalia umri. Zanzibar ilianzisha Pensheni Jamii mwaka 2016 kwa kila aliyefika miaka 70, ikianza na shilingi 20,000 kwa mwezi, kiasi ambacho baadaye kiliongezwa. Kenya, kupitia Inua Jamii, hutoa shilingi za Kenya 2,000 kwa mwezi. Hakuna anayedaiwa hati ya ufukara, na heshima hiyo ni kubwa. Lakini fedha hizo haziajiri mtu wa kumgeuza mzee usiku. Makazi ya Serikali, kama Sebleni kule Unguja, hupokea wachache wasio na wa kuwatunza. Wengine wote wameachiwa binti au mkaza mwana anayeacha kazi, anazeeka bila akiba, na hatajwi kwenye bajeti yoyote.

Njia ya Ujerumani ndiyo inayotufaa. Vijijini hakuna wahudumu wa kukodiwa. Mlezi aliyepo ni huyo wa nyumbani, na bila malipo anafungwa vilevile. Onyo la Wajapani lizingatiwe kwa kumwekea mlezi pensheni yake na siku za kupumzika. Tanzania na Kenya zote zilitunga sheria mpya za bima ya afya mwaka 2023, na mifuko yake bado michanga. Wabunge waingize matunzo ya wazee humo, na waanze na posho na pensheni ya mlezi.