Yunia Alikuwa Nani?

Somo: Warumi 16:1-16

Katika Warumi sura ya 16 twakuta orodha ndefu ya salamu. Wengi wetu tukifika hapo hufunga Biblia, tukidhani ni majina matupu ya watu wa kale. Leo tusifunge. Na tusimame penye aya ya 7 tuulize: huyu Yunia ambaye Paulo anamsalimu ni nani?

Paulo aliandika waraka huu akiwa Korintho, karibu mwaka 57. Katika aya hiyo fupi atuambia mambo manne juu ya Androniko na Yunia. Kwanza, ni jamaa zake, yaani Wayahudi wenzake. Pili, wameonja kifungo kama yeye. Tatu, wana sifa kubwa miongoni mwa mitume. Nne, walikuwa wa Kristo kabla yake. Fikirini jambo hilo! Sauli alipokuwa angali akiliudhi kanisa, hawa wawili walikuwa wamekwisha kuamini.

Je, Yunia alikuwa mwanamume au mwanamke? Kiswahili chetu hakituonyeshi, kwa maana neno "jamaa" ni la wote. Lakini katika Kiyunani neno hili limeleta mabishano, na chanzo chake ni alama ndogo sana. Jinsi jina lilivyoandikwa katika aya hii, laweza kuwa la mwanamke, Yunia, au la mwanamume, Yunias. Tofauti ni alama ya matamshi juu ya herufi tu, na nakala za kwanza kabisa hazikuwa na alama hizo.

Basi tuwasikilize waliokuwa karibu. Yohana Krisostomo, aliyefariki mwaka 407, alizaliwa katika lugha hiyo ya Kiyunani. Alipohubiri juu ya aya hii alistaajabia hekima ya mwanamke huyu, hata akahesabiwa kuwa mtume. Tena, jina la Yunia limeonekana zaidi ya mara 250 katika maandishi ya kale ya mji wa Rumi, na ni la wanawake. Jina la Yunias, la mwanamume, halijaonekana hata mara moja.

Jinsi gani basi alifanywa mwanamume? Aegidius wa Rumi, mwalimu aliyefariki mwaka 1316, aliwaita wote wawili wanaume. Martin Luther, ambaye sisi Waprotestanti twamheshimu sana, naye alitafsiri hivyo. Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 iliacha jina la mwanamke. Lakini mwaka 1927 kitabu cha Agano Jipya la Kiyunani kinachotumiwa na watafsiri wengi kiliwekwa alama ya mwanamume, na tafsiri kadhaa zikafuata. Mwaka 1998 alama ile ikarudishwa kuwa ya mwanamke.

Wako wataalamu wasemao kwamba Yunia alijulikana tu kwa mitume, wala hakuwa mmoja wao. Krisostomo hakusoma hivyo. Lakini hata wao hawawezi kumwondolea kifungo chake, wala miaka yake katika imani.

Wapendwa, twaona nini hapa? Hakuna aliyefuta jina la Yunia kwa kisu. Watu walidhani tu kwamba mwenye sifa namna hiyo hawezi kuwa mwanamke, nao wakaisoma aya kwa dhana yao. Nasi tujihadhari. Tusilete dhana zetu kwenye Neno. Tuliache Neno lisahihishe dhana zetu. Katika sura hiyo hiyo wamo Fibi, Priska, Mariamu, Trifaina, Trifosa na Persisi. Paulo hakuona haya kuwataja mbele ya kanisa zima.

Je, katika ushirika wetu ni nani wanaofundisha watoto, wanaozuru wagonjwa, wanaoomba usiku? Ripoti ya mwaka isomwapo, majina yao husikika? Jumapili ijayo tumwendee mmoja wao, tumsalimu kwa jina, tumshukuru.

Na tuombe. Bwana, wewe wawajua walio wako. Utufundishe kuwaheshimu wale uliowaheshimu wewe. Kwa jina la Yesu. Amina.