Mmea Uingie Wapi: Tumboni au Kwenye Kibuyu?

Nchini India mfugaji humlisha ng'ombe dawa waziwazi. Mzizi wa shatavari, mbegu za uwatu na sukari guru kidogo huchanganywa na pumba ng'ombe akishazaa, ili maziwa yashuke. Watu wa Pwani hawawezi kumshangaa: mzazi wa Unguja naye hupewa uwatu kwa sababu iyo hiyo, na ng'ombe ni mzazi kama wazazi wengine. Ujuzi huo ukitiwa kwenye pakiti yenye picha ya ng'ombe mnono, ndipo ninapokunja uso. Aliyekosa majani na maji ya kutosha hataongeza maziwa kwa vijiko viwili vya unga.

Kazi ya maana zaidi ya mitishamba India naiona nje ya tumbo. Bodi ya taifa ya maziwa, NDDB, huwafundisha wafugaji kutibu ugonjwa wa kiwele kwa jani la mshubiri gramu 250, manjano gramu 50 na chokaa gramu 15. Vikisagwa pamoja, chokaa huigeuza manjano kuwa rojo jekundu, nalo hupakwa kiwele kizima mara nyingi kwa siku. Anayenufaika ni mnywaji pia. Sindano ya antibiotiki humlazimu mfugaji kumwaga maziwa kwa siku kadhaa, na asiyemwaga hutuuzia dawa ndani ya chai.

Kwenye milima ya Jura, Ufaransa, hakuna anayesaga kitu. Ng'ombe wa jibini la Comté hula majani na maua ya malisho kiangazi, na nyasi kavu wakati wa baridi. Sileji, yaani majani yaliyochachushwa, imepigwa marufuku, kwa kuwa hubeba vijidudu vinavyolifurisha na kulipasua jibini likiwa bado linakomaa. Jibini la kiangazi huwa la manjano, la baridi hupauka, na mnunuzi hulipia tofauti hiyo kwa furaha. Mchanganyiko wa mimea huupanga mlima, mfugaji kazi yake ni kutouharibu.

Wakalenjin wa Kenya wamemwacha ng'ombe na malisho yake, wakaupeleka mmea kwenye chombo. Kijiti cha senetwet huchomwa, kaa lake likasuguliwa ndani ya kibuyu mpaka kuta zote ziwe nyeusi. Maziwa yaliyochemshwa na kupoa humiminwa humo, yakakaa siku kadhaa, yakatoka mursik: mazito, machachu, yenye rangi ya kijivu na harufu ya moshi. Mwanariadha akirudi na medali hupokewa nayo uwanja wa ndege.

Kwa mwenye ng'ombe wawili asiye na jokofu, mimi naegemea upande wa kibuyu. Maziwa mengi huharibika yakiwa yameshatoka kiweleni, mahali ambapo unga wa shatavari haufiki. Tena chakula chenye harufu kali hupita tumboni na kwenye pumzi, kikaingia damuni, kikaishia kwenye maziwa. Maua ya Jura yakifanya hivyo husifiwa. Uwatu ukifanya hivyo, mwenye mkahawa hurudisha debe. Anayetaka kuujaribu ampe ng'ombe mara tu baada ya kukamua, harufu ipate saa za kutosha kupungua kabla ya mkamuo unaofuata.