Uhuru Park: Jinsi nyasi za Krismasi zilivyonusurika orofa 60

Shule zikifungwa mwishoni mwa mwaka, Nairobi hubadilishana watu na mashambani. Wenyeji wa jiji hujazana Machakos Country Bus na stendi nyingine wakielekea Ukambani, Magharibi, Nyanza na Mlima Kenya, huku nauli zikipanda kila kukicha. Wakati huohuo wapo wanaoshuka kutoka mabasi yanayoingia: watoto waliokuwa kwa nyanya, mama aliyebaki nyumbani kuangalia shamba na ng'ombe, wapwa ambao Nairobi wameisikia redioni tu. Hao sharti waonyeshwe mji. Ratiba ya kuwaonyesha haijaandikwa popote, lakini kila baba wa Eastlands anaijua: jumba la KICC, Makumbusho ya Kitaifa na nyoka wake, tumbili wa City Park, wanyama yatima wa Lang'ata. Na siku ya Krismasi yenyewe, baada ya ibada na chapati, Uhuru Park.

Kwa familia nyingi, vituo hivyo vingine hutegemea mfuko. Kupanda kileleni mwa KICC kunalipiwa, Makumbusho kunalipiwa, na ukizidisha ada ya mtu mmoja kwa watoto watano, mshahara wa mlinzi au wa mama wa kibanda hautoshi. Uhuru Park ndipo mahali ambapo familia ya Kibera, Mathare au Kawangware imekuwa ikifika kwa miguu, ikatandika leso kwenye nyasi, ikafungua hotpoti ya pilau, na isiulizwe na mtu ina shilingi ngapi. Watoto hufika wamevaa nguo mpya na miwani ya plastiki. Wapiga picha huwapanga mbele ya ziwa dogo lenye mashua, na picha hiyo hurudi kijijini Januari kuwa ushahidi kwamba kweli walifika Nairobi.

Wengi wanaokaa kwenye nyasi hizo leo hawajui kwamba zilikaribia kumezwa na jengo. Ndiyo sababu ya kuisimulia hadithi hii kila Desemba.

Nairobi ya mkoloni haikujengwa kwa ajili ya familia ya Mwafrika. Reli ilipofika Mei 1899, mji uligawanywa kwa rangi, na kuanzia miaka ya 1920 mwanamume Mwafrika alitembea na kipande kilichomruhusu kuwa mjini kwa sababu ya kazi tu. Makao aliyopewa yalikuwa kitanda katika chumba cha wanaume wengi. Mke na watoto walibaki kijijini. Bustani zilikuwepo: Jeevanjee Gardens, zawadi ya mfanyabiashara A. M. Jeevanjee kwa wakazi wa mji mwaka 1906, na Arboretum iliyoanza mwaka mmoja baadaye. Lakini baba angemleta nani kutembea huko, naye hakuruhusiwa hata kulala na familia yake? Matembezi ya familia ya Mwafrika mjini Nairobi ni tunda la uhuru, na bustani iliyopewa jina hilo ilifunguliwa na Rais Jomo Kenyatta tarehe 23 Mei 1969. Ni hekta zipatazo 12.9 kati ya barabara ya Uhuru Highway na kilima cha Nairobi, kukiwa na ziwa la kuchimbwa, uwanja wa sherehe na miti ya kivuli. Miaka minne baadaye KICC ikakamilika upande wa pili wa barabara, na ratiba ya wageni wa Desemba ikawa imetimia.

Kisha ukaja mwaka 1989.

Mwanamazingira Profesa Wangari Maathai aliyaeleza mambo ya mwaka huo kwa kirefu katika kitabu cha maisha yake, *Unbowed*, kilichotoka mwaka 2006. Anasema habari zilimfikia kupitia kwa kijana mmoja mwanafunzi wa sheria: kulikuwa na mpango wa kujenga jumba la orofa 60 ndani ya Uhuru Park. Jumba hilo lingekuwa refu kuliko yote barani Afrika. Ndani yake zingekaa ofisi za gazeti la Kenya Times, makao makuu ya chama tawala cha KANU, kumbi, maduka na maegesho ya magari 2,000. Mbele yake ingesimamishwa sanamu kubwa ya Rais Daniel arap Moi. Gharama ilikadiriwa kuwa dola milioni 200, nyingi zikiwa za kukopa, na mbia wa KANU alikuwa bwanyenye wa magazeti wa Uingereza, Robert Maxwell.

Mwezi Oktoba Maathai akaanza kuandika barua. Alimwandikia mkuu wa Kenya Times, akaiandikia Ofisi ya Rais, tume iliyosimamia jiji, mkuu wa mkoa, mashirika ya Umoja wa Mataifa, hata balozi wa Uingereza. Aliuliza kama Waingereza wangekubali jumba kama hilo lijengwe Hyde Park. Na hoja yake ya msingi haikuwa miti peke yake, ingawa dunia ilimjua kwa miti. Alitetea watu wa kipato kidogo ambao nyumba zao hazina ua, wanaohitaji mahali pa kupumzika na watoto wao Jumapili na sikukuu bila kulipa. Kwa maneno mengine, alisimama kwa ajili ya ile leso iliyotandikwa kwenye nyasi.

Hakujibiwa na serikali. Alijibiwa na Bunge. Tarehe 8 Novemba 1989 wabunge walisitisha shughuli nyingine wakamjadili yeye na shirika lake la kupanda miti, Green Belt Movement, wakaliita shirika hilo la bandia na wanawake wake kundi la waliotalikiwa. Mmoja alitishia kuwalaani wakikanyaga eneo lake. Siku chache baadaye ujenzi ukazinduliwa na uzio ukazungushwa bustanini.

Maathai alikwenda Mahakama Kuu kuomba kazi isimamishwe. Kesi ilitupwa. Hoja iliyotumika inafaa kukumbukwa: mahakama ilisema hakuwa na haki ya kushtaki, kwa kuwa hakuonyesha hasara iliyompata yeye binafsi. Bustani ya watu wote, kwa sheria ya siku hizo, haikuwa na mtu wa kuisemea.

Halafu tarehe 12 Desemba, Jamhuri Dei, Rais Moi alipanda jukwaani Uhuru Park kwenyewe, mbele ya familia zilizokuja kusherehekea. Alisema wanaoupinga mradi wana wadudu kichwani, na kwamba mwanamke anayefuata mila za Kiafrika huwaheshimu wanaume na kunyamaza. Green Belt Movement ikafukuzwa kutoka ofisi za serikali ilizokuwa imetumia kwa miaka mingi, ikapewa saa 24 kuondoka. Wafanyakazi wakahamia nyumbani kwa Maathai, South C, wakafanyia kazi sebuleni na barazani.

Mwanamke huyu hakuwa na chama wala kiti cha ubunge. Alikuwa na taipureta na subira. Wakenya wa kawaida walianza kuandika barua zao magazetini, na nchi za nje zikawa zinauliza kwa nini taifa linaloomba misaada likope mamilioni kujenga mnara. Mapema mwaka 1990 serikali ikatangaza kupunguza ukubwa wa jengo. Wafadhili wakajiondoa, Maxwell akafa baharini Novemba 1991, na Februari 1992 uzio ukang'olewa.

Mwezi huohuo kina mama wa wafungwa wa kisiasa walikuja kukaa kwenye kona ya bustani hiyo, wakagoma kula wakidai wana wao waachiliwe, Maathai akiwa pamoja nao. Polisi waliwavamia tarehe 3 Machi kwa marungu na mabomu ya machozi, na baadhi ya akina mama wakavua nguo kuwalaani. Kona hiyo ikaitwa Freedom Corner hadi leo.

Yaliyofuata yanajulikana. Mwai Kibaki aliapishwa kuwa Rais Uhuru Park tarehe 30 Desemba 2002, umati ukiwa umepanda hata miti. Maathai alipata Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004, na mwaka 2011 mwili wake ulipewa heshima za kitaifa katika bustani aliyoiokoa. Katiba mpya ilitangazwa rasmi hapohapo tarehe 27 Agosti 2010, na Kifungu cha 70 kinampa mtu yeyote haki ya kwenda kortini kutetea mazingira bila kuonyesha hasara yake binafsi. Lile shimo la sheria alilotumbukia Maathai mwaka 1989 limefukiwa.

Mwaka 2019 kulikuwa na mpango wa kumega ukanda wa bustani kupisha barabara ya Expressway, wananchi wakapiga kelele, ramani ikabadilishwa. Mwaka 2021 bustani ilifungwa kwa ukarabati, na Krismasi ya mwaka huo watoto wa mitaa ya mabanda hawakuwa na nyasi za kukalia.

Barabara ya Forest ilipewa jina la Wangari Maathai mwaka 2016, na ni vyema. Lakini barabara hupitwa kwa matatu. Watoto wanaoletwa mjini Desemba wanastahili kuambiwa habari zake wakiwa wameketi palepale alipoziokoa nyasi, na hilo shule hazilifanyi, wala jiji halilifanyi kwa uzito unaostahili. Kinachotia hofu zaidi ni tabia ya kuigeuza bustani kuwa kitega uchumi: leo mkutano, kesho tamasha la tiketi, na msimu wa sikukuu ndio wenye bei nzuri kuliko yote. Kufanya hivyo ni kuirudia dhambi ya mwaka 1989 kwa vipande vidogo vidogo.

Kaunti ya Nairobi iyaache mageti ya Uhuru Park wazi, bila ada, kuanzia shule zinapofungwa mwishoni mwa mwaka hadi zitakapofunguliwa Januari. Nawe mzazi utakayeleta watoto mwaka huu, baada ya mashua na picha, wapeleke Freedom Corner uwasimulie.