Alifundisha lini hasa?

Juzi nilitumwa Kariakoo kufuatilia habari ya wamachinga. Mvua ikanikuta mtaa wa Lumumba, nikajibanza barazani kwa wanywa kahawa. Pale hoja haziishi: Simba na Yanga, bei ya mchele, halafu Mwalimu. Kijana mmoja wa rika langu akauliza, "Huyu mzee alifundisha lini hasa, mbona kila siku Mwalimu, Mwalimu?" Watu wakacheka. Mimi nikaona ni swali zuri, maana wengi wetu jina lile tunalichukulia kama cheo tu.

Alishika chaki kweli, wadau. Alipotoka Makerere alifundisha St. Mary's, Tabora, kuanzia 1946 hadi alipokwenda Edinburgh 1949. Akarudi 1952 na shahada ya M.A., akaenda kufundisha St. Francis, Pugu. Kutoka Pugu hadi Kariakoo ni kilomita 20 hivi, na wazee wa mjini husimulia kwamba kuna siku alizikata kwa miguu. Alikuwa akifuata ofisi ya TAA, New Street, ndiyo hiyo Lumumba tuliyokuwa tumejibanza. Aprili 1953 alichaguliwa rais wa TAA, na 7 Julai 1954 TANU ikazaliwa. Machi 1955 ikabidi achague moja, darasa au siasa. Akaliacha darasa.

Kitu ambacho shuleni tulikirukaruka ni kwamba Kariakoo ndiko Mwalimu alikokuwa mwanafunzi. Waliompokea ni watoto wa mjini: Abdulwahid Sykes, aliyekuwa mkuu wa soko la Kariakoo, Dossa Aziz, na baadaye Bibi Titi Mohamed aliyewavuta akina mama kupitia vikundi vya ngoma. Kijana wa Butiama mwenye Kiingereza cha Edinburgh alihitaji kujua namna ya kuzungumza na mchukuzi na muuza samaki. Nadhani hapo ndipo ilipotoka ile namna yake ya kuhutubia: anauliza swali, anakaa kimya kidogo, anajijibu kwa mfano wa jembe au wa ndoa, watu wanacheka, na somo limeshaingia. Sikilizeni kanda za RTD.

Lakini tusimfanye malaika. Mwalimu alikuwa na fimbo. Oktoba 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu waliandamana hadi Ikulu kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa. Walilalamika kwamba wakubwa wanakula mishahara minono. Akakasirika, akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20, kisha akawafukuza wanafunzi karibu 400 warudi makwao. Wengi walirudishwa baadaye, lakini hebu fikiria: mwanafunzi anatoa hoja, mwalimu anaikubali hoja, halafu anamwadhibu aliyeitoa! Miezi michache baadaye, 1967, likaja Azimio la Arusha na ndani yake miiko ya viongozi. Mimi siamini kwamba vitu hivyo viwili havikuhusiana. Mwezi Machi mwaka huohuo akatoa Elimu ya Kujitegemea, akilalamika kwamba shule zetu zinazalisha vijana wanaosubiri kuambiwa cha kufikiri. Sijui wale waliofukuzwa waliisoma kwa uso gani.

Hata hivyo alikuwa na sifa moja ambayo walimu wangu wengi hawakuwa nayo. Alikuwa anasahihisha daftari lake mwenyewe hadharani. Serikali za mitaa zilifutwa 1972, vyama vya ushirika vikafuata 1976. Mwaka 1984, akiwa bado Ikulu, alikiri katika mahojiano kwamba yalikuwa makosa. Na 1991 Tume ya Jaji Nyalali ilipokuta kwamba asilimia 80 ya waliohojiwa wanataka chama kimoja kiendelee, yeye aliyekijenga chama hicho akasimama upande wa ile asilimia 20. Mwaka 1992 sheria ikabadilishwa.

Haya nilimweleza yule kijana kwa kifupi, mvua ikiwa inakatika. Akanisikiliza mpaka mwisho, akamaliza kahawa yake. "Sasa hao wa 1966," akasema, "kuna aliyewaomba radhi?" Mzee aliyekaa karibu na birika akaangalia barabarani. Mimi nikatoa kalamu, nikaliandika lile swali nyuma ya daftari la kazini.