Jicho na Mazoea Yake: Watazamaji wa Sinema Mbele ya Ufundi Mpya, 1895–2022

Katika historia yote ya sinema hapana kisa kilichosimuliwa mara nyingi kuliko kile cha watu wa Paris waliotimua mbio walipoona garimoshi likiwajia kutoka katika kitambaa cheupe. Yasemwa kwamba wanaume waliruka kutoka vitini na wanawake walipiga mayowe. Kisa ni kitamu, lakini ushahidi wake ni haba. Maonyesho ya kwanza ya kiingilio ya ndugu wawili, Auguste na Louis Lumière, yalifanywa tarehe 28 Desemba 1895 katika chumba cha chini cha Grand Café, na ile picha ya garimoshi likiingia katika kituo cha La Ciotat haikuwamo katika picha kumi za siku ile. Ilianza kuonyeshwa mwaka uliofuata. Mwanachuoni wa Kijerumani, Martin Loiperdinger, alizichungua habari za wakati ule asione ushahidi thabiti wa watu kukimbia. Shahidi wa kweli tunaye, naye ni Maxim Gorky, aliyeitazama picha hiyo katika mji wa Nizhny Novgorod mwaka 1896 akaandika habari zake gazetini. Gorky hakukimbia. Alilolalamikia ni kwamba dunia aliyoonyeshwa haikuwa na rangi wala sauti. Aliiona kuwa nchi ya vivuli.

Makusudi ya makala haya ni kuonyesha jambo moja. Mara kwa mara ufundi mpya ulipoingia katika sinema, watazamaji walisema, au walisemewa, kwamba macho yao hayawezi kuupokea. Wengi wameichukua kauli hiyo kuwa ni hukumu ya maumbile ya jicho. Mimi naona kwamba aghalabu ni habari za mazoea, na kwamba mwanahistoria hapaswi kuikubali kabla hajauliza ni nani aliyeiandika, na kwa faida ya nani. Mfano nitakaoutumia zaidi ni ule wa wingi wa picha katika sekunde moja, kwa kuwa ndio uliozua ugomvi mkubwa katika miaka ya karibuni.

Msomaji akumbuke kwamba picha ya sinema haiendi. Ni mfululizo wa picha zilizotulia, na kila moja hapa nitaiita fremu, zinazopitishwa mbele ya taa kwa upesi hata jicho likaziunga. Swali la fremu ngapi zatosha halikupata kamwe jibu moja. Mashine ya Edison ya kutazamiwa na mtu mmoja mmoja, iliyofunguliwa kwa watu wa New York mwaka 1894, ilikwenda kwa kadiri ya fremu 40 kwa sekunde. Ile ya akina Lumière ilikwenda kwa kadiri ya 16, nayo ilikula ukanda kidogo. Katika miaka ya picha zisizo na sauti, mpiga picha aliizungusha kamera kwa mkono wake, na mwonyeshaji naye aliharakisha au kukawiza apendavyo. Ilipokuja sauti uhuru huo ulikwisha, maana mwendo ukibadilika sauti nayo hupanda au hushuka, na sikio halisamehi kama jicho. Ndipo mafundi wa Marekani walipokata shauri, katika miaka ya 1926 na 1927, kwamba ukanda uende futi 90 kwa dakika. Ukanda wa milimita 35 una fremu 16 katika kila futi; basi futi 90 kwa dakika ni fremu 24 kwa sekunde. Hesabu hiyo haikutoka katika elimu ya jicho. Ilikuwa sulhu baina ya ubora wa sauti, mwendo uliokwisha kuzoeleka katika majumba ya sinema, na bei ya ukanda.

Sulhu hiyo ikawa sheria, na kwa muda sheria ikawa uzuri. Kwa fremu 24, kamera ya kawaida huiacha kila fremu ipokee nuru kwa sehemu moja ya 48 ya sekunde, na kila kinachokwenda upesi huacha ukungu kidogo. Watu wa vizazi vitatu walijifunza kuusoma ukungu ule kuwa ni alama ya hadithi. Televisheni ilileta alama nyingine. Kamera zake zilinasa mwendo mara 50 kwa sekunde katika Ulaya na katika nchi zetu, na mara 60 katika Marekani, kwa hiyo mwendo wake ulionekana laini. Na vitu vilivyoonyeshwa kwa namna hiyo vilikuwa habari za siku, mpira, na michezo ya kila jioni iliyotengenezwa kwa gharama ndogo. Bila kufundishwa na mtu, mtazamaji akajipatia sarufi yake: mwendo wenye ukungu ni ngano, mwendo laini ni mambo ya leo, au ni kazi ya bei rahisi.

Walikuwapo waliojaribu kuivunja sarufi hii. Mwaka 1955 picha ya Oklahoma! ilitengenezwa kwa ufundi wa Todd-AO, wenye ukanda mpana na fremu 30 kwa sekunde, ikafuatwa mwaka 1956 na Around the World in 80 Days. Lakini picha ya fremu 30 haikuweza kugeuzwa kwa urahisi kuwa nakala za kawaida za majumba madogo, hata ikalazimu kupiga picha mara mbili. Na South Pacific ya mwaka 1958 ikarudi katika 24. Mwishoni mwa miaka ya 1970, Mmarekani Douglas Trumbull alibuni ufundi aliouita Showscan, wenye fremu 60. Aliwapima watazamaji miili yao walipokuwa wakitazama, akaona kwamba fremu zilivyozidi ndivyo msisimko wao ulivyozidi. Alitaka kuutumia katika picha yake Brainstorm ya mwaka 1983, lakini wenye fedha hawakukubali, na ufundi wake ukaishia katika viwanja vya starehe. Twaona basi kwamba mwendo laini ulishindwa mara mbili, na mara zote mbili mtazamaji siye aliyeukataa.

Mtazamaji alipata zamu yake mwaka 2012. Mwezi wa Aprili, mwongozaji Peter Jackson wa New Zealand aliwaonyesha wenye majumba ya sinema, katika mkutano wao wa Las Vegas, dakika kumi za The Hobbit: An Unexpected Journey kwa fremu 48, na mwezi wa Desemba picha nzima ikatoka. Malalamiko yalikuja mengi. Yafaa tuyaangalie maneno yenyewe yaliyotumika. Walalamikaji hawakusema kwamba mwendo ule si wa kweli. Walisema ni wa kweli mno. Walisema wameuona ubao wa majumba ya kuigiza na rangi katika nyuso za waigizaji. Walisema, zaidi ya yote, kwamba picha imefanana na televisheni. Jackson alijibu kwamba jicho lahitaji muda wa kuzoea. Tena alikuwa amekwisha kulipunguzia taabu, kwa kuiacha kila fremu ipokee nuru kwa sehemu moja ya 64 ya sekunde, ili ukungu kidogo ubaki.

Mwanaisimu hana budi kuyatambua malalamiko haya. Si malalamiko ya mtu asiyeielewa lugha anayosemeshwa, bali ya mtu aliyesemeshwa kwa lugha ya mahali pengine, kama bwana harusi anayepongezwa kwa maneno ya barua ya ofisini. Kila neno amelielewa. Kilichomuudhi ni kwamba neno limekuja mahali pasipo pake. Mwaka 2016 Ang Lee alitoa Billy Lynn's Long Halftime Walk kwa fremu 120, na majumba matano tu katika dunia nzima yaliweza kuionyesha kama alivyokusudia. Walioiona walisema maneno yale yale. Mwaka 2018 mwigizaji Tom Cruise aliwaomba watu hadharani wazime katika televisheni zao ule ufundi unaobuni fremu za kati na kuulainisha mwendo. Hapo waliokuwa wakilindwa ni watazamaji ambao wengi wao hawakuwa wamelalamika, maana televisheni zao zilitoka kiwandani zikiwa hivyo.

Sisi tunao mfano wetu wa jambo hili. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulikichagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili Sanifu, na mwaka 1930 Kamati ya Lugha ya nchi za Afrika ya Mashariki ikaanza kazi. Wenyeji wengi wa Mombasa na Lamu walikiona Kiswahili cha vitabu vile kuwa kikavu na kigeni. Malalamiko yao yalikuwa ya haki, kwa kuwa sikio lao lilikuwa na ushahidi wake. Lakini watoto waliosomeshwa kwa lugha hiyo hawakuusikia ukavu ule, na Kimvita na Kiamu navyo havikufa. Vilibaki na enzi yao katika utenzi na shairi. Sinema nayo yaelekea njia hiyo. Katika Avatar: The Way of Water ya mwaka 2022, James Cameron alitumia fremu 48 pale watu wanapozama majini au wanaporuka angani, na pale wanapozungumza alirudufu kila fremu ili jicho lipate zile 24 lilizozizoea. Ufundi mpya haukumfukuza wa zamani. Ulipewa kazi yake.

Mpaka hapa nimetaja watazamaji waliojisemea, wenye magazeti ya kuandika yao. Wapo pia waliosemewa, na habari zao zatuhusu sisi zaidi. Kati ya mwaka 1935 na 1937, L. A. Notcutt na G. C. Latham walitengeneza picha 35 za mafunzo kwa ajili ya Waafrika, kambi yao ikiwa Vugiri katika milima ya Usambara, na maelezo yakitiwa katika sahani za santuri kwa Kiswahili na lugha nyingine. Walizungusha picha hizo kwa gari katika nchi za Afrika ya Mashariki na ya Kati, wakaandika jinsi zilivyopokelewa. Tangu mwaka 1939 hata 1955, idara ya picha ya serikali ya Uingereza kwa makoloni iliongozwa na William Sellers, aliyeshikilia kwamba Mwafrika apewe picha za mwendo wa polepole, zisizo na hila za kamera wala kuruka kutoka wakati mmoja hata mwingine, kwa kuwa jicho lake halingezifuata.

Kisa kilichotumiwa sana kuithibitisha rai hiyo ni cha kuku. John Wilson alisimulia, na Marshall McLuhan akakieneza katika kitabu chake cha mwaka 1962, kwamba wanakijiji walionyeshwa picha ya bwana afya akiondoa maji yaliyotuama. Walipoulizwa wameona nini, walijibu, "Kuku." Watengenezaji hawakujua kuna kuku, walipoichungua picha wakamwona kweli, akipita pembeni kwa muda wa kama sekunde moja. Kisa hiki kilichukuliwa kuwa ni dalili ya upungufu wa watazamaji. Msomaji atazame upya. Watu walioona kiumbe aliyemo katika fremu zisizozidi 24 hawakuwa na udhaifu wa jicho. Waliopitwa na kuku ni wale walioipiga picha, wakaikata na kuiunga kwa mikono yao.

Ushahidi wa kuipinga rai ya Sellers haukuwa mbali. Katika miaka ya 1950, watu wa Unguja walijaa katika majumba ya sinema kutazama Awaara, picha ya Raj Kapoor ya mwaka 1951. Picha hiyo yaanza mahakamani, yarudi nyuma miaka mingi, na katikati yake mna ndoto ndefu ya mawingu na mashetani. Wengi wa watazamaji hawakukijua Kihindi. Waliifuata hadithi, waliimba nyimbo zake, na walirudi kuitazama tena. Wakati huo huo, katika ofisi ya London, iliendelea kuandikwa kwamba hawawezi.

Paris watu walisimuliwa kuwa wamekimbia, na hasara haikuwa kubwa. Kisa kilibaki kichekesho. Kwetu kauli kuhusu jicho iligeuka kuwa kipimo cha chakula: aliyeandikwa kwamba hawezi alipewa kidogo, na uchache wa alichopewa ukaandikwa kuwa ushahidi kwamba hawezi. Tuliokaa katika elimu ya lugha twaijua hoja hiyo, kwa sababu ndiyo ile ile iliyosema kwamba Kiswahili hakiwezi kubeba sayansi wakati vitabu vya sayansi kwa Kiswahili havijaandikwa. Jicho, kama sikio, halijui lisilopewa.